Kabini ya Vitanda Vinne

Kwa mambo ya meli, Shinyanga nzima hakuna mwanamke wa kunifundisha. Mimi nimepanda meli, tena ya ziwani, tena ile kubwa yenye king'ora. Niliipanda mara moja, na toka Mwanza mpaka Bukoba nilikuwa nimekumbatia ndoo, kwa hiyo ninachokifahamu barabara ni ndoo.

Lakini ndoo inatosha kwa hadithi hii. Turudi dirishani.

Na yule mama wa sokoni aliyenifichia nyanya wiki nzima mpaka nimwambie Bernadina alijibu nini, leo asome mwenyewe. Mimi nilikula ugali na chumvi, sikusema.

Wiki iliyopita tulimwacha Bernadina, yaani Mama Anisia, stesheni ya Shinyanga, kashika ukingo wa dirisha la tiketi kwa mikono miwili. Alikuja kuchagua kabini. Binti yake Anisia anaolewa Bukoba na mwalimu Selestine, na familia itapanda treni hadi Mwanza, kisha meli. Karani Cornel alimsikiliza, akajikuna shingo kwa kalamu, akasema yale maneno:

"Kabini ya Gelasius wa lori? Mbona mke wake alikuwa hapa asubuhi. Amekwisha chagua."

Sasa wewe uliyeolewa, simama pale alipo. Umevaa gauni la kanisani. Umepaka miguu mafuta. Nyuma yako kuna foleni ya watu wenye magunia na masikio. Unaambiwa mke wa mumeo amekwisha fika. Utasemaje?

Bernadina alisema, "Aa, wifi yangu alikuja? Vizuri."

"Kumbe wewe ni dada yake Gelasius?"

"Damu moja. Tumenyonya ziwa moja."

Cornel akafurahi. Kwa mke wa mtu karani huchunga mdomo, lakini kwa dada hufungua bomba.

"Basi kaka yako amepata mwanamke anayejua safari. Aliniambia hataki kabini iliyo juu ya injini, wala karibu na choo. Anataka daraja la pili, vitanda vinne, dirisha la upande wa upepo. Wengine wanakuja hapa wanauliza kama meli inasimama Isaka, kwenye nchi kavu."

"Na alikuwa amevaaje? Sijamwona siku nyingi."

"Viatu vya kisigino. Na lile jino."

"Jino gani?"

"La dhahabu. Wewe ni wifi yake na hujui jino lake?"

"Nilikuwa nalijua lilipokuwa jeupe," Bernadina akasema.

Akapitisha ulimi kwenye meno yake. Yote yalikuwepo, yote meupe, yote ya Mungu. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuyachukia.

Cornel akatoka kwa mlango wa pembeni. "Njoo uone, dada. Nilimchorea."

Karani huyu alikuwa na utaratibu wake. Watu wetu wengi hawajaona kabini hata kwa picha, na ukimwambia mtu kitanda kiko juu ya kitanda anadhani unamtania. Kwa hiyo Cornel huchukua chaki, huinama kwenye sakafu ya saruji chini ya saa ya stesheni, akachora chumba kizima. Mlango huu, karo la kunawia hili, dirisha la duara hili. Vitanda viwili vya chini, na vya juu huvichora kwa mistari ya vipande vipande.

Mchoro wa asubuhi ulikuwepo bado. Na katikati ya kitanda cha chini, upande wa dirisha, palikuwa na alama ya kisigino cha kiatu cha kike.

"Hapo ndipo atakapolala wifi yako," Cornel akasema. "Alisimama hapo hapo akasema, hiki changu."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako sikumwona. Alikuwa nje, kwenye lori lake."

"Yeye mwenyewe alisema ni mke wa Gelasius?"

"Alisema ni kabini ya Gelasius. Sikumwuliza cheti cha ndoa. Na kabini ya familia ina sharti, dada. Wawe watu wa nyumba moja, wajaze vitanda vyote. Wasipojaza, wanatenganishwa, wanaume kwao, wanawake kwao."

Bernadina aliviangalia vile vitanda vya chaki. Kimoja cha Gelasius. Kimoja cha Anisia. Kimoja cha huyu mwenye jino. Kinabaki kimoja, cha juu, mlangoni, pale watu wanapopita kwenda kutapika.

Yaani huyo ndiye bibi, akawaza, na mimi ndiye mgeni.

Akapeleka mguu taratibu, akasugua alama ya kisigino.

"Dada, unafuta," Cornel akasema.

"Ni vumbi tu, kaka. Wifi yangu ana miguu michafu."

Cornel akamwambia Mwanza watajibu kwa simu, Ijumaa familia nzima ije kuthibitisha. Bernadina akashukuru, akatoka amenyooka kama mlingoti. Aliinama alipofika nyuma ya godauni la pamba, ambako hakuna anayemjua.

Jirani yake Justa alimkuta uani anapepeta mchele. Mchele ulikuwa msafi tangu zamani, lakini Bernadina alikuwa anaupepeta tu, na mwingine unaruka kwa kuku.

Justa akasikiliza habari yote, mkono kiunoni.

"Jino la dhahabu si la hapa," akasema. "Sisi hapa tuna pamba, na pamba huwezi kuitia mdomoni ukacheka nayo. Hilo ni la Geita, kwenye dhahabu. Tena namjua. Ni Generosa wa Kalangalala, huko huko Geita, mwenye mgahawa. Wachimbaji wakipata wanakula kuku kwake, wakikosa wananusa."

"Gelasius hanywi hata soda kwenye migahawa."

"Mama Anisia, lori la mumeo huharibika wapi?"

Bernadina akaushusha ungo. "Kalangalala."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Lina akili lori hilo," Justa akasema.

Ninyi msomao mnaweza kusema, kabini tu, si apande hata juu ya magunia, harusi ni harusi. Hamjui. Ngoja niwaambie kwa nini Bernadina alikuwa anakufa kwa kitanda cha mbao na godoro jembamba.

Walipotoka kufunga ndoa Ushirombo, yeye na Gelasius walikwenda Bukoba kumsalimu msimamizi wao wa ndoa. Walikuwa hawana kitu. Walikaa daraja la tatu, nje, katikati ya magunia ya kahawa na matenga ya kuku, na mvua ikawanyea. Mara mlango wa kabini ukafunguliwa, bwana mmoja akatoka, na Bernadina akaona ndani. Shuka nyeupe. Taa ndogo ya ukutani. Mwanamke amekaa anachana nywele, mkavu kabisa.

Gelasius akamnong'oneza, "Siku moja nitakulaza humo. Mimi na wewe."

Tangu siku hiyo Bernadina amekuwa akingoja. Amezaa, amelima, amesukuma lori, anangoja. Mwanamke mwingine hungoja nyumba ya bati. Yeye alikuwa anangoja mlango ule ufunguke tena, safari hii awe upande wa ndani, na aliyemwahidi awe pembeni yake.

Na safari ile ile ndipo alipoijua siri ya Gelasius. Bwana harusi alilala juu ya magunia vizuri, akaamka chini, ameviringika mpaka kwenye tenga la kuku wa watu, jogoo amemkalia. Kumbe akilala, huyu mtu anakwenda. Anazunguka kama pipa tupu kwenye lori. Tangu hapo, nyumbani, Gelasius hulala ukutani na Bernadina hulala ukingoni, amemziba kama kizuizi cha ng'ombe. Gelasius alimwapisha asimwambie mtu. Mwenye lori zima hawezi kusikika mjini kwamba huanguka kitandani kama mtoto. Bernadina hakumwambia hata mama yake.

Haya. Jioni lori likaingia, taa moja.

Bernadina akamtengea mumewe maji, akamtengea michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa karanga, akakaa kwenye kigoda akimtazama anavyotafuna. Mke akikutazama hivyo, mwanangu, acha kula.

"Nafasi za meli nimeweka," Gelasius akasema. "Kabini ya familia. Si nilikuahidi?"

"Nimesikia. Nilipita stesheni."

Karanga ikampalia. Akakohoa mpaka macho yakatoka.

"Wameniambia mkeo ni mzuri sana," Bernadina akaendelea. "Ana jino. Amechagua kitanda cha dirishani. Nikasema nije nikupe hongera."

Gelasius akanywa maji. Akanywa tena. Halafu, wapenzi, akacheka, na akacheka vizuri kama mtu asiye na kitu moyoni.

"Mama Anisia, yule ni mkwe."

"Mkwe yupi?"

"Shangazi yake Selestine. Generosa. Anakaa Geita. Anakwenda kumpokea bibi harusi kwa upande wao, na meli anaijua, ni mtu wa kwenda na kurudi. Nilimbeba kwenye lori, akakaa nyuma na magunia, mimi mbele. Karani ndiye aliyejisemea mke. Mimi nilibaki nje. Ningesimamaje dirisha moja na mkwe?"

Bernadina akahisi kama mtu aliyeinua jiwe akakuta ni sponji.

Maana hilo lilikuwa kweli. Kwetu mwanamume na mkwewe wa kike ni kama jua na mwezi. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hali alipo yeye, na akiwa na neno naye hulipitisha kwa mtu wa tatu. Na Gelasius katika hilo alikuwa mkali kuliko wazee. Mama yake Bernadina alipokuja kuwatembelea kutoka Ibadakuli, Gelasius aliwahi kutoka kwa dirisha la stoo wasikutane mlangoni, na tumbo lile lilivyo.

"Selestine hajawahi kutaja shangazi," Bernadina akasema, lakini sauti imepungua.

"Kijana hutaja shangazi akiwa na shida. Sasa hivi anaoa, hana shida bado."

"Nawe huongei naye?"

"Tangu nimjue hatujasemezana neno moja. Naapa mbele ya karanga hizi."

Mwanamke wa kawaida angeishia hapo, akalala. Bernadina akaokota punje moja ya karanga, akaimenya taratibu.

"Nimekuelewa, Baba Anisia. Sasa niambie kitu kimoja. Utalalaje kabini moja na mkwe?"

Gelasius alikuwa na mchembe mkononi. Haukufika mdomoni.

"Melini..." akaanza.

"Melini nini?"

"Majini mambo huwa yanalegea kidogo."

"Mila haijui kuogelea?"

Hapo nikiri, nilimwonea huruma. Mwanaume akitunga uongo huutunga wa kufika jioni tu. Asubuhi anamwachia Mungu. Kama angesema ni binamu, kama angesema ni mteja, angelala kabini. Yeye akachagua mkwe, na mkwe akamtoa kitandani.

"Basi nitalala na wanaume," akasema mwishowe. "Ninyi wanawake mkae humo. Wewe, Anisia, mkwe, na Justa awe msimamizi wa bibi harusi. Vinne hivyo."

Bernadina akaenda kulala ameshinda, na hana furaha. Kabini ameipata. Aliyemwahidi hayumo, na yule wa jino yumo. Akalala ukingoni kama siku zote, Gelasius akamviringikia mgongoni, naye akamrudisha ukutani kwa kiwiko. Siku hiyo kiwiko kilikuwa na nguvu kuliko kawaida.

Ijumaa wakakutana stesheni. Anisia hakuwepo, yuko kwa masista Bukombe anamalizia kushona shela. Walikuwa Gelasius, Bernadina na Justa.

Generosa akashuka kwenye gari la abiria la kutoka Geita, na Bernadina, aliyekuwa amejiandaa kuona kahaba, akaona mtu wa kwaya. Kitenge kimefunika kichwa, macho chini, viatu vya kawaida. Alipomwona Gelasius kwa mbali tu, akageuka akaupa ukuta uso.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia Bernadina kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamkia mama yake, kwa sauti ya chini, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka."

Na hapo jino likaonekana, mara moja, kama kiberiti kimewashwa na kuzimwa.

Bernadina alikuwa na mtego wake. Alikuwa amelichukua koti la Gelasius akalitandika kwenye benchi, na pale ndipo palipokuwa na nafasi ya kukaa. Mkwe wa kweli hakalii nguo ya mkwe mwenzake wa kiume, hata apewe kiti cha askofu.

"Kaa, mama, umechoka," akasema.

Generosa akalitazama lile koti, akabaki amesimama. "Naomba uliondoe la mwenyewe kwanza, mayu."

Justa akamnong'oneza Bernadina, "Amefaulu."

"Amesomeshwa," Bernadina akajibu. Lakini akaliondoa, na moyo ukaanza kumsuta.

Ikaanza sasa sinema. Wote watatu wako mbele ya dirisha, Gelasius huku, Generosa kule ameelekea ukutani, Bernadina katikati kama nguzo ya simu.

"Mama Anisia," Gelasius akasema, "mwambie mkwe kwamba kabini ni ile ile aliyoichagua."

"Mkwe, anasema kabini ni ile ile."

"Mwambie Baba Anisia nashukuru. Na kama mayu anapenda dirishani, achukue yeye. Mimi hata mlangoni nitalala."

"Anasema anashukuru."

"Nimesikia... yaani, mwambie asijali."

Cornel alichungulia kwenye tundu lake, akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa wawili hawasikii?"

"Wanasikia," Justa akasema. "Ni wakwe."

"Na wewe," Cornel akamwambia Bernadina, "si ndiye dada yake Gelasius?"

Gelasius akageuka haraka. Bernadina hakupepesa.

"Juzi nilikuwa dada. Leo nimepanda cheo."

Foleni ikacheka. Hata bega la Generosa lilitikisika kule ukutani. Na kile kicheko kikampunguzia Bernadina kitu. Akamtazama yule mwanamke aliyejifunika, anayemwachia kitanda cha dirishani, anayezungumza na ukuta kwa adabu, akajiona yeye ndiye mwenye moyo mchafu. Akajiambia, tukifika Bukoba nitamnunulia khanga. Akajiambia, wivu umenizeesha.

Sasa Cornel akazungusha simu ya Mwanza. Akapiga kelele ndani yake kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akasikiliza. Akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Kabini ya wanawake ipo, vitanda vyote vinne. Bwana Gelasius, kwa upande wa wanaume kimebaki kitanda kimoja tu daraja la pili. Cha juu."

"Sawa," Gelasius akasema.

"Kikoje hicho cha juu?" Bernadina akauliza haraka.

"Kiko juu, mama. Unapanda kwa ngazi. Chembamba hivi, upana wa benchi hilo. Hakina ukingo. Na ziwa likiamka, meli inalala huku, inalala huku. Wengine hujifunga kwa mkanda wa suruali. Anakitaka au nimpe mwingine? Mwanza wananingoja."

Gelasius akajifuta paji la uso. Nyuma kuna foleni. Wachimbaji wawili wa Geita wanaomfahamu wako hapo, na yule mzee wa Kagongwa anayemkodi lori wakati wa mavuno. Mtu mzima, mwenye lori, aseme nini? Kwamba anaogopa kuanguka?

"Kiandike," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

Bernadina alimwona. Mioyo miwili ikagombana ndani yake. Mmoja ulisema, mwache, aende huko juu, aanguke, ajue faida ya mtu wa ukingoni. Wa pili ulimwona ameanguka toka huko kwenye sakafu ya chuma, na harusi ikageuka msiba. Akatafuta maneno ya kumwokoa bila kumwaibisha. Labda aseme ana mgongo. Ndiyo, mgongo ni ugonjwa wa heshima, madereva wote wanao.

Akafungua mdomo.

Hakuwahi.

"Juu hapana," ukuta ukasema.

Watu wakageuka. Generosa alikuwa bado ameelekea kule kule, kitenge kichwani, na mkono mmoja ameuinua kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Juu asilale kabisa. Huyu usingizini anatembea na kitanda chote, atavunjika shingo. Mpeni cha chini, upande wa ukuta, na mbele pawe na mtu wa kumziba."

Stesheni ikapoa. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anatafuna muwa akauacha mdomoni, haumezi, hautemi. Ndani ya simu sauti ya Mwanza ilikuwa inaita halo, halo, kwa mbali, kama mbu kwenye chupa.

Bernadina hakusikia simu. Alisikia maneno matatu tu, mtu wa kumziba. Neno hilo ni la chumbani kwake. Upande ule wa ukingoni alidhani, duniani, amewahi kulala yeye peke yake.

"Mkwe," akasema taratibu. "Umesemaje?"

Bega la Generosa likakakamaa. Kwanza akaushusha ule mkono. Kisha, pole pole, kitenge kikateleza mpaka shingoni.

"Nimesema... wanaume wengi huwa wanaviringika, mayu. Kwa ujumla."

"Umesema huyu."

"Huyu kama wengine."

"Umesema upande wa ukuta. Wengine nao wanataka ukuta?"

Generosa akafumba mdomo, na jino likaingia ndani.

Justa akavuta benchi, akakaa. Hakutaka kukosa kitu kwa sababu ya miguu.

"Karani nipo, ngoja kidogo," Cornel akaiambia simu, bila kuitazama.

Ndipo Gelasius akaruka kuokoa jahazi lake, na haraka ya mwongo mnaijua, huvaa shati kabla ya kutafuta mikono.

"Mama Anisia, usikasirike bure. Ni mimi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia habari hizo. Kwa mdomo wangu. Tulikuwa tunaongea tu njiani, mambo ya safari, mambo ya vitanda, ndipo nikamwambia."

Akamaliza, akapumua. Alionekana hata kuridhika.

Bernadina akamgeukia. Hakupaza sauti. Alisimama pale pale alipokuwa amewekwa tangu asubuhi, katikati yao wawili, akawatazama mkono wa kulia na mkono wa kushoto.

"Baba Anisia," akasema, "ulimwambia kupitia kwa nani?"